Kendu Bay, Kwenda na Kurudi

Kabla ya kuuliza nauli, uliza mwezi ni wa siku ngapi. Watu wa Kisumu wanaopanga kwenda Kendu Bay na kurudi siku hiyohiyo huanza na mafuta ya gari, hali ya barabara na nani atabaki na watoto. Hayo yote yana maana, ila hayaamui utakachokikuta. Omena, wale dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa. Wavuvi hutoka giza linapoingia, wakaziweka taa zao juu ya maji, omena wakaufuata mwanga kutoka chini, na nyavu zikawazoa. Usiku wa mbalamwezi taa haina kazi. Mashua nyingi hulala ufuoni, wenyewe wakashona nyavu, na mgeni aliyefunga safari kuja kuona omena wakianikwa hukuta mchanga mtupu na mbuzi wawili watatu. Nenda siku za giza, mwezi unapoishilia au ukiwa ndio kwanza umeandama.

Kalenda ya pili ni ya serikali. Upande wa Kenya, uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wapate kuzaana. Nusu ya kwanza ya muda huo ni masika, na tambarare za Kano zikishajaa maji, barabara huwa na maoni yake. Kwa hiyo ni Agosti hadi Machi, huku ukiutazama Novemba wa vuli kwa jicho la wasiwasi.

Ya tatu ni ya dini. Waadventista Wasabato walianzia Kenya hapo hapo Kendu Bay, kwenye kilima cha Gendia, mwaka 1906, na zaidi ya karne baadaye Jumamosi ya mji ule bado ni yao. Maduka mengi yamefungwa, akina mama wamevaa nguo zao za kanisani, na ukitafuta chapati utaangaliwa kwa huruma. Jumapili nayo ni siku ya Kibuye, soko kubwa la Kisumu, na matatu za asubuhi hujaa magunia kabla hazijajaa watu. Mimi ni mtu wa katikati ya wiki. Jumatano haina mwenyewe.

Nasema haya yote kwa sababu safari fupi huharibika kwa kudharauliwa. Anayekwenda Mombasa hupanga mwezi mzima. Anayekwenda Kendu Bay huamka tu akaenda, akafika saa sita mchana, akala samaki, akanyeshewa, akarudi akisema hakuna kitu kule. Ziwa lina saa yake. Alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda majini, na mashua zinarudi juu ya maji yaliyotulia. Kufikia saa nne au tano jua limeipasha nchi joto, upepo umegeuka, sasa unavuma kutoka ziwani kuja bara, na unasukuma mawingu hadi yakakutana na milima ya Nandi na Nyabondo. Alasiri mawingu hayo yanarudisha deni. Ukiishi Kisumu unajua: nguo zinaanuliwa saa tisa, jua liwe kali namna gani.

Wageni wa mwisho wa wiki kutoka Nairobi huja kwa ndege au kwa barabara, wakala ngege ufuoni, wakapanda boti Dunga kutafuta viboko, wakaenda kuupiga picha mwamba wa Kit Mikayi, wakaondoka. Sina neno nao. Lakini ziwa wameliona kwa tundu la ufunguo. Kisumu iko mwisho kabisa wa ghuba ya Winam, pale maji yanapoishia, na ukisimama Dunga siku isiyo na ukungu utaona ng'ambo, kusini magharibi, mlima umesimama peke yake kama mtu aliyefika mapema kwenye mkutano. Ule ni mlima wa Homa, na Kendu Bay iko upande huu wake. Kwa mstari ulionyooka juu ya maji ni kama kilomita 30. Kwa barabara ni zaidi ya maradufu, kwa sababu inabidi uzunguke mdomo mzima wa mto Nyando na mashamba ya mpunga na mafunjo.

Zamani hakuna aliyezunguka. Reli ilipofika mwambao huu mwezi Desemba mwaka 1901, kituo kikiitwa Port Florence, mji ulipata gati kabla haujapata barabara za maana, na kwa miongo mingi meli ndizo zilizokuwa matatu za hapa. Ziliondoka Kisumu zikapitia Kendu Bay na Homa Bay, zikabeba pamba, karanga, ng'ombe na wanafunzi. Wazee wa Rachuonyo wanaotaja safari za ujanani mwao hutaja honi ya meli, si honi ya gari. Siku hizi gati la Kendu Bay linatembelewa zaidi na magugu maji. Yakisukumwa na upepo hufunika maji yote, kijani kibichi na maua ya zambarau, mtu akadhani ni shamba. Upepo ukigeuka, asubuhi yake hayapo.

Basi ni barabara. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, wala usimwamini makanga. "Tunatoka sasa hivi, mzee, tunangoja mtu mmoja tu," atakwambia, na ndani mko wanne. Mwenye gari lake ana nafuu, ila mwenye matatu ana faida ya kuketi karibu na watu wanaojua kila kibanda kilicho njiani na aliyekijenga. Nyamasaria, kisha Rabuor, kisha nchi inalala chini kabisa.

Hiyo ndiyo Kano. Sijui kwa nini waandishi wa safari hupenda milima tu. Tambarare hii inataka mtazamaji mwenye subira: kushoto, mbali, ukuta wa Nandi umesimama wima, rangi ya samawati hata saa moja asubuhi, kulia hakuna kitu kinachozuia macho mpaka ziwani, katikati ni udongo mweusi, nyua za mnyaa, makaburi ya familia yaliyojengwa vizuri kuliko nyumba, na ng'ombe wanaovuka lami bila haraka kwa sababu wao ndio waliotangulia. Mbele kusini ni mwinuko wa Nyabondo. Umesimama ndani ya bonde la ufa, tawi lake lililokuja kuishia ziwani, na kuta zake mbili unaziona kwa wakati mmoja.

Ahero ni mji wa njiapanda. Barabara ya Nairobi inakwenda kushoto kupitia Awasi na Kericho, ya Kisii inakata kulia, na watu wengi hupita hapa juu ya daraja jipya la barabara bila kuteremka. Teremka. Chai ya saa moja asubuhi katika kibanda cha Ahero, na mandazi yaliyotoka kwenye mafuta wakati huohuo, inatosha kuwa sababu. Sababu ya pili ni mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Ahero ulianzishwa na serikali miaka ya 1960, na kutoka siku hiyo hadi leo unategemea pampu za umeme zinazovuta maji ya Nyando na kuyapandisha mashambani. Ndiyo maana mkulima wa hapa hufuatilia bili ya stima kwa makini kuliko anavyofuatilia mvua. Bili ikichelewa kulipwa pampu hunyamaza, na mpunga hukauka huku mto unapita kando yake.

Kando ya barabara mashine za kukoboa zinaunguruma, mchele umetandazwa juu ya turubai, na akina mama wameupanga kwenye magorogoro. Mmoja wao aliwahi kunifundisha kununua. Alichota konzi, akachagua punje moja, akaniambia niitie baina ya meno. "Ikilia ta! umekauka, utakaa kwako miezi. Ikijipondaponda, nyathina, huo ni wa kupika leo." Kisha akaniuzia ule wa kupika leo, kwa bei ya ule mwingine, tukacheka wote wawili.

Ndege nao wamejua siri ya mpunga. Yangeyange weupe hufuata nyuma ya anayelima, kwarara huchokoa matope kwa midomo iliyopinda, na kama una darubini yoyote ile, hata ya mtoto, saa moja ya Ahero haitoshi. Wakulima hawawapendi hivyo. Watoto wa shule, msimu wa nafaka kuiva, hukodiwa kupiga madebe na kutupa mabonge ya udongo, maana kuna vijidege vidogo vinavyoweza kumaliza ekari wakati mtu amekwenda kula.

Kuna jambo la kutazama ukivuka Nyando. Maji ni ya kahawia, mazito, yamebeba udongo wa Nandi na Kericho. Mto huu unateremka kutoka juu kwa kasi, ukifika hapa hauna mteremko wa kuufuata, basi unaweka mizigo yake chini na kutanuka. Kila masika kuna familia zinazohamia madarasani kwa wiki kadhaa, zikarudi nyumbani kukuta alama ya matope kifuani mwa ukuta. Kuta zile utaziona kutoka dirishani mwa gari, na mistari yake, mmoja juu ya mwingine. Aliyezaliwa hapa atakusomea: huu wa mwaka fulani, huu wa mwaka ule.

Katito ndipo unapokata kulia, uiache barabara ya Kisii ikipanda zake. Kuanzia hapa magari yanapungua na safari inaanza kuwa yako. Pap Onditi inapita upesi. Mwinuko wa Nyakach unakuja karibu upande wa kushoto, majabali yake yakionekana moja moja, na huko ndani yake kuna kazi ya uhandisi ambayo wapitao wengi hawaijui: maji ya mto Sondu Miriu yamechepushwa yakapitishwa kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6 ndani ya mwamba, yakaachiwa yaanguke tambarareni kuzungusha mitambo ya megawati 60. Chini yake kituo cha Sang'oro kinayatumia maji yaleyale mara ya pili, kikapata megawati 21 nyingine. Mto mmoja unalipa kodi mara mbili.

Upande wa kulia, njia za vumbi zinateremka kuelekea Kusa na fuo za Nyakach. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa sifa ya mahali bila habari ya watu wake ni tangazo la hoteli. Kwenye fuo nyingi za ziwa hili mwanamume huvua na mwanamke huuza, na kwa muda mrefu mwanamke asiye na mashua alitakiwa na mvuvi alipe kwa mwili wake ndipo apate samaki wa kuuza. Mtindo huo una jina, jaboya, na kila mtu analijua. Ukimwi ulikuta mlango umeachwa wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 akina mama wa ufuo wa Nduru, hapa hapa Nyakach, waliamua kwamba dawa ni kumiliki mashua wenyewe. Wakapata msaada, mashua zikachongwa, wakaajiri wanaume wawavulie, na samaki wakawa wao. Habari zao zilisomwa hadi Marekani. Kisha mwaka 2020 ziwa likapanda kuliko walivyowahi kuliona, Nduru ikafunikwa na maji, na wakazi wakahama na walichoweza kubeba. Ukipita ukaona mashua ya mbao ina jina la mwanamke ubavuni, sasa unajua kuna nini nyuma yake.

Baada ya daraja la Miriu uko Rachuonyo. Ukiwa hukukawia mno Ahero, saa mbili na nusu au saa tatu utakuwa Kendu Bay, na hapo usiende mjini kwanza. Mwambie wa bodaboda akupeleke ufuoni.

Saa hiyo omena wametandazwa juu ya nyavu kuukuu, fedha tupu, na akina mama wameinama wakiwatawanya kwa viganja ili wasilale mmoja juu ya mwenzake. Asubuhi bado wanateleza na kung'aa. Kufikia saa sita, jua likiwa zuri, wamekuwa wakavu na wepesi, na harufu imebadilika kutoka ya ziwa kuwa ya jikoni. Mama aliyekuwa akianika alinionyesha tofauti: omena aliyekauka juani upesi mgongo wake hunyooka na tumbo lake halipasuki, aliyenyeshewa hupinda, akawa wa manjano, na huyo huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Mvua ya saa moja inamtoa omena kwenye sahani ya binadamu na kumtia kwenye chakula cha kuku, na bei inaanguka naye. Ndiyo maana wanawake hawa hutazama mbingu huku wakizungumza nawe. Wasipokujibu, usinune. Salimia kwanza, "Oyawore," useme umekuja kutembea, uulize kabla ya kutoa simu kupiga picha. Na ununue gorogoro moja, hata kama kwenu hamli omena. Jirani anakula.

Mji wenyewe ni mdogo na umechakaa kwa heshima. Maduka ya zamani ya Wahindi yana varanda pana na nguzo nene, mengine yamefungwa, mengine yanauza mbegu na chaja za simu. Msikiti wa Tawakal uko barabarani, na adhana yake imesikika hapa tangu enzi ambazo wafanyabiashara Waislamu walifika na biashara za ziwani, wakaoa, wakajenga, wakawa watu wa hapa. Kiswahili cha wazee wa mtaa ule kina utulivu wa pwani ndani yake. Ukikaa kwenye benchi la nje ya duka utaulizwa ukoo wako kabla ya jina lako.

Juu kidogo ni Gendia. Mmisionari Mkanada, Arthur Carscallen, alikuja huko mwaka 1906 pamoja na Peter Nyambo, mwalimu kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Huyu wa pili hutajwa kwa sauti ndogo, na nadhani anastahili zaidi; Mwafrika aliyevuka nusu ya bara kuja kufundisha Waafrika wenzake si tanbihi. Misheni ilileta shule, hospitali ambayo bado inatibu, na mtambo wa kuchapa uliozaa shirika la Africa Herald. Baadhi ya vitabu vya mwanzo vya Dholuo vilitoka juu ya kilima hiki. Miti mikubwa, majengo ya zamani, utulivu. Nusu saa inatosha.

Karibu na hapa pia ni Kanyadhiang, alikozaliwa Barack Obama mkubwa, baba yake yule aliyekuwa rais wa Marekani. Babu, Onyango Hussein, alihamia Kogelo ng'ambo ya ghuba baadaye, na umaarufu ukahama naye. Watalii huenda Kogelo. Watu wa Kanyadhiang watakueleza, bila kuulizwa mara mbili, kwamba chimbuko ni kwao.

Kitu cha kukipa muda ni Simbi Nyaima. Ni kilomita chache tu kutoka mjini, barabara ya kuelekea Homa Bay, na ukikaribia huoni chochote. Mashamba, mbuzi, vichaka. Unapanda ukingo mdogo wa ardhi, ghafla chini yako kuna ziwa la mviringo, kijani kama supu ya kunde, limezungushiwa kuta za udongo. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Ziwa Viktoria lenyewe liko karibu sana, lakini maji ya haya mawili hayafanani kwa lolote: yale ni ya kunywa na haya ni magadi matupu. Hakuna samaki. Kuna mwani ule unaowavutia flamingo, na msimu wao wakija, ukingo wa kijani unazungukwa na utepe wa waridi unaosogea. Hawatoi ahadi. Siku nyingine ni kumi, siku nyingine huwezi kuhesabu.

Wataalamu wa miamba husema ni shimo la mlipuko wa volkano, ndugu mdogo wa mlima wa Homa. Wenyeji wana habari nyingine. Palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na sherehe ya pombe. Bibi kizee akaja usiku, nguo zake zimechakaa, ana njaa, akaomba mahali pa kuketi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemwingiza nyumbani kwake, akampa maji ya moto na chakula. Bibi alipokwisha kula akamwambia: chukua wa kwako uondoke usiku huu. Mwanamke akamwita mumewe. Mume akasema yeye haachi pombe kwa ajili ya maneno ya mwendawazimu. Akaondoka mwenyewe. Mvua ikaanza, na asubuhi palipokuwa na kijiji pana maji.

Aliyenisimulia alikuwa kijana wa kama miaka kumi na sita, anachunga, na alisimulia bila kumung'unya, kama anayetoa ushahidi. Nilimuuliza mume je. "Si yuko huko chini," akanijibu, akaelekeza fimbo katikati ya maji. Ninachokipenda katika kisa hiki ni ukubwa wa kosa. Kijiji hakikuua mtu, hakikuiba, hakikuvunja mwiko mkubwa. Kilimnyima mgeni kiti.

Zunguka ziwa lote kwa miguu kama jua linaruhusu. Haichukui saa nzima kwa mwendo wa kawaida. Upande wa magharibi mlima wa Homa unakaa mbele yako, na kwenye miguu yake, Kanjera na Nyayanga, watafiti wamechimba zana za mawe za kale sana. Mwaka 2023 walitangaza kwamba zile za Nyayanga zina umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, na pamoja nazo palikuwa na mifupa ya kiboko yenye alama za kukatwa. Nyama ya kiboko ililiwa hapa kabla binadamu hajawa binadamu. Usiende kutafuta mahali penyewe siku hii. Ni makorongo ya udongo mwekundu, vilivyochimbwa vimekwisha chukuliwa, na utapoteza chakula cha mchana.

Chakula ni samaki na ugali, na kazi ya mgeni ni kuuliza swali moja: wa wapi? Siku hizi ngege wana makabila matatu. Kuna wa ziwani, wanaopungua. Kuna wa vizimba, wanaofugwa majini hapohapo kwa chakula cha gunia. Na kuna "wa Uchina", waliokuja wamegandishwa kwenye makasha. Huyu wa tatu hajanoga, lakini amelisha watu wengi wa Kisumu wasioweza bei ya wenzake, sawa na mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikisafirishwa ng'ambo. Kendu Bay bado unaweza kumchagua samaki wako kwa macho, ukaona mashavu yakiwa mekundu, ukamkabidhi mpishi. Mwambie amkaange kwanza, kisha amrudishe kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, na mboga ya osuga pembeni iliyoungwa kwa maziwa. Ukikuta fulu, agiza fulu. Walikuwa wengi kabla mbuta hawajaletwa ziwani katikati ya karne iliyopita wakawala. Leo kuwakuta kwenye sahani ni bahati, na utamu wao uko kwenye mifupa.

Saa nane uwe njiani. Watakuja wanaokwambia kwamba Homa Bay ni kilomita 30 na ushei tu, kwamba kuna Got Asego ya kupanda, na mbele yake hifadhi ya Ruma yenye korongo, swala wakubwa wasiopatikana tena kwingine Kenya. Ni kweli yote. Ni safari nyingine, ya kulala. Anayetaka kuviona vyote kwa siku moja huishia kuviona vyote kupitia kioo cha gari chenye maji ya mvua.

Usirudi ulikopita. Kutoka Kendu Bay kuna lami inayopanda hadi Oyugis, na kila kilomita hewa inapungua joto, udongo unageuka kutoka mweusi kuwa mwekundu, migomba inaanza. Oyugis ni kelele: stendi, mbao, magunia ya mahindi, spika za wahubiri zikishindana na za wauza dawa za panya. Badilisha gari hapo, ushike barabara ya Kisii kuelekea Kisumu. Kufikia Kabondo wingu litakuwa limekusanyika nyuma ya vilima, na viazi vitamu vimepangwa kando ya lami ndoo kwa ndoo, ngozi nyekundu, nyama ya manjano. Rundo la juu ya ndoo ni ufundi: viazi vinne vinashikana bila kuanguka, vinaifanya ndoo ionekane ndoo mbili. Omba akuongeze. Ataongeza vitatu, akisema amekupa kwa hasara, na hilo ni sehemu ya bei. Nunua hapo kabla ya Sondu, kwa sababu ukivuka daraja bei inaanza kunukia Kisumu.

Sondu ni mpaka wa Waluo na Wakipsigis, na soko lake ni la wote wawili: maziwa na majani chai yanateremka, samaki wanapanda. Kuna siku za siasa mbaya soko hilo limewahi kuwa mahali pa vurugu, na kuna siku nyingi zaidi ambazo watu hupatana bei kwa lugha tatu katika sentensi moja. Baada yake barabara inaanza kushuka. Kaa upande wa kushoto wa gari. Tambarare yote uliyoipita asubuhi inafunguka chini yako, mabwawa ya mpunga yakimulika, ghuba nyuma yake, na mvua, kama ulikokotoa vizuri, inanyesha kwa wengine, nguzo ya kijivu juu ya Kano huku wewe ukiwa bado mkavu.

Ahero itakukuta na foleni ya malori. Nyamasaria itakukuta na foleni ya kila kitu kingine, na makanga atawaapia abiria kwamba ni dakika tano. Kama unaishi Kondele au Mamboleo, teremka hapo na viazi vyako na omena zako. Tuktuk hupita pembeni, kwenye njia ambayo si njia, na dereva atakuuliza omena ni wa wapi kabla hajakwambia nauli.